Atupele na Kofia-hisi

Gari namba kumi na tisa liliingia kona ya Loleza kwa kasi ya kilomita mia tatu na kumi kwa saa, na hapakuwa na mkono ulioshika usukani. Atupele Mwaisaka alikuwa ameketi, mikono mapajani, kichwani amevaa kofia-hisi. Kofia hiyo ilisoma amri za ubongo kabla misuli haijazipokea, kisha ikamrudishia dereva kila kilicholigusa gari. Magurudumu yakawa nyayo zake, bodi ikawa ngozi yake. Changarawe moja ilipopita chini ya tairi la kushoto, aliihisi kama mtu anayetembea pekupeku. Akawaza kukata kulia, gari likakata, magari mawili yakabaki nyuma.

Watu elfu sitini walisimama kumshangilia. Katika jiji la Mbeya la mwaka 2091 magari yote yalijiendesha. Aliyetaka kumwona binadamu akiendesha alikuja uwanjani.

Hiyo ilikuwa mbio yake ya tatu, akiwa na miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo alikuwa akisomba majani ya chai huko Tukuyu kwa lori kuukuu la usukani, maana utelezi wa kule uliyashinda hata maroboti. Bi Tusekile Kibona, mhandisi aliyebuni kofia-hisi, alikwenda kukagua mitambo ya kiwanda, akamwona binti akiliteremsha lori lililosheheni kwenye mteremko wa matope huku akipiga mluzi.

"Mwanangu," alimwambia, "wewe unalisikiliza gari. Njoo mjini nikufundishe."

Mbio ya kwanza alimaliza wa kumi na moja. Ya pili, wa sita. Hii ya tatu alikuwa wa pili, na Bwana Lusajo, meneja wa timu, akatoa ahadi: akiingia tatu bora katika mbio ya kufunga msimu, atapewa mkataba wa kudumu.

Siku nne baadaye Atupele alikuwa jikoni kwake akikaanga ndizi. Alipoinama kuokota mwiko, akaona mguu wake umetuna malengelenge. Mafuta ya moto yalikuwa yamemrukia, naye hakuwa amehisi lolote.

Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Bi Tusekile, akamwonyesha mguu. Mama yule aliutazama. Kisha akachukua pini mezani, akajichoma kidole mpaka damu ikatoka. Uso wake haukubadilika.

"Mimi ndiye niliyeijaribu kwanza," alisema. "Mwaka wa sita huu sijui moto wala baridi. Ubongo ukishauzoea mwili wa gari, unausahau wa kwake. Nilijidanganya kwamba kosa lilikuwa katika zile kofia za mwanzo."

"Na hukuniambia, Mama."

"Sikukuambia. Nilipenda mno kukuona unaendesha. Nisamehe, mwanangu."

Machozi yalimlenga Atupele, akayafuta kwa mgongo wa mkono.

"Ule usukani wa dharura bado umo garini?"

"Umo, kanuni zinadai. Lakini hajatokea aliyemaliza mbio kwa usukani. Mikono itachelewa nusu sekunde kila kona."

"Basi kila kona nitaianza nusu sekunde mapema."

Bwana Lusajo aliposikia, alifoka. "Unataka kutuaibisha mbele ya jiji zima?"

"Sharti lako lilikuwa nafasi, Bwana," Atupele alijibu kwa upole. "Kofia hukuitaja."

Siku ya mbio, mpaka mzunguko wa kumi alikuwa wa mwisho. Watazamaji walianza kuzomea. Hakuwasikia, alikuwa anasikiliza injini, anatazama kivuli cha kila kona, anakata mapema. Akampita mmoja, akampita wa pili. Ndipo mvua ya Mbeya ikashuka, nzito na ya baridi. Madereva wenye kofia waliuhisi utelezi katika nyayo zao kama watu wanaoanguka, na kila mmoja akashika breki kwa hofu. Atupele hakushika. Aliliacha gari liteleze, akalirudisha taratibu, kama alivyokuwa akifanya na lori la chai. Akawa wa kumi, wa saba, wa tano. Usukani ulimchubua viganja.

Alimaliza wa nne, nyuma ya wa tatu kwa urefu wa gari moja.

"Sharti ni sharti," alisema Bwana Lusajo, akaondoka. Lakini uwanja mzima ulikuwa umesimama, na waliokuwa wakizomea walipiga makofi mpaka wakachoka.

Sadala Ngoi, bingwa wa siku hiyo, hakwenda jukwaani. Alimfuata Atupele, mguu mmoja umefungwa bandeji, kofia-hisi kwapani.

"Dada," alinong'ona, "jana nimelala na msumari umeingia unyayoni, nimeuona asubuhi. Wenzetu wengine nao wanaficha. Nifundishe usukani."

"Njoo kesho," Atupele alisema. "Waite na wenzako."

Bi Tusekile alikuwa amesimama pembeni, mvua ikimlowesha. Alisogea, akavifungua viganja vya Atupele. Vilikuwa vimechubuka, vinavuja damu.

"Vinauma?"

"Vinauma sana, Mama. Nadhani kofia niliivua mapema, hisia zimerudi."

Mhandisi aliendelea kuvishika, akivitazama kwa hamu.

"Nieleze," alisema. "Vinauma vipi?"

Atupele akaketi naye pale ukingoni mwa barabara, akaanza kumweleza.