Kabati la Kijani, Sakafu Nyekundu

Brashi ndiyo iliyoanza. Mwanaidi aliiacha dirishani ikiwa mpya na kavu, haijaguswa na rangi tangu inunuliwe, na asubuhi hiyo aliikuta imelowa rangi mbichi ya kijani, inadondoka tone moja moja kwenye saruji.

Rangi ya kijani! Mji mzima wa Same haukuwa na rangi ya kijani. Mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, duka la ushirika lilikuwa na rangi moja tu, kijivu, nayo uipate kwa kupanga foleni. Mwanaidi aliinua macho. Kabati la jikoni, lililokuwa mbao tupu jana yake, lilikuwa limepakwa kijani kutoka juu mpaka miguuni, laini, bila michirizi, kama limezaliwa hivyo.

Alisimama pale akacheka peke yake kwa furaha. Na ili uelewe kwa nini alicheka badala ya kukimbia, lazima umjue mumewe.

Yahaya alikuwa mfanyakazi wa reli pale stesheni. Tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Hakupiga, hakulewa, mshahara aliuleta nyumbani. Lakini kusikiliza? Thubutu! Mwanaidi angeweza kumwambia nyumba inaungua, Yahaya akajibu, "Tutaona." Binti yao Ziada alikuwa ameolewa Kileo, wamebaki wawili tu, na ukimya wa yule mwanamume ulikuwa umejaa nyumba nzima.

Jiko hilo dogo pamoja na vyumba viwili vya uani vilikuwa wazo la Mwanaidi. Mchanga alisomba yeye kutoka korongoni. Maji alibeba yeye, siku ambazo bomba lilikumbuka kutoa maji. Alitaka kumpangisha mwalimu au nesi, mtu mstaarabu, na katika kazi yote hiyo aliomba kitu kimoja tu: achague yeye rangi za jiko. Kabati liwe la kijani na sakafu iwe nyekundu, ile ya kung'aa. Vumbi la Same linachosha macho, alisema. Angalau mtu akiingia jikoni aone kitu kibichi.

"Kijivu," alisema Yahaya jana yake, na kopo la kijivu ameshalileta.

"Baba Ziada, nimekwambia kijani. Fundi anakwenda Moshi wiki ijayo, tumwagize."

"Mpangaji anakula rangi?"

"Jiko nimejenga mimi!"

"Rangi rangi zinavuta macho, Mama Ziada. Watu wa Chama watapita hapa waseme tumeanza ubwanyenye."

"Kabati la vyombo ndilo litatufanya mabwanyenye?"

"Tutaona," alisema Yahaya, akavaa kofia yake akaenda zamu.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama katikati ya kichwa. Mwanaidi alibaki jikoni na lile kopo la kijivu, hasira imemkaba mpaka machozi yanamtoka. Akalipiga kabati kibao. "Lo! Atakayenipa kabati la kijani na sakafu nyekundu, huyo ndiye mume! Huyu niliye naye si mume, ni gogo!"

Maneno ya hasira. Mwanamke gani hajawahi kuyasema? Lakini hayasemwi peke yako, saa saba, ndani ya nyumba mpya ambayo haijasomewa hata Fatiha. Upepo wa Same, ambao msimu ule haukuwa na adabu ya kupumzika, ulisimama ghafla. Mwanaidi hakuujali. Alikuwa anapenga kamasi.

Kwa hiyo asubuhi ile, mbele ya kabati la kijani, alidhani gogo limesikia. Alidhani Yahaya ameamka alfajiri akapaka kabla ya kwenda kazini. Akapitisha kiganja kwenye mlango wa kabati akasema kwa sauti, kwa moyo wake wote, "Ahsante. Nimepokea, na nimeridhika."

Ndipo harufu ikampitia puani. Haikuwa harufu ya rangi. Ilikuwa udi na marashi ya mawaridi, kama chumba cha bwana harusi.

Yahaya aliporudi, Mwanaidi alimpokea kwa bashasha. Yahaya alilitazama kabati, kisha akamtazama mkewe, na uso ukamjaa mikunjo.

"Nani amekuletea hii?"

"Si wewe?"

"Mimi nimetoka kwenye mataruma ya reli, nitoe wapi rangi ya kijani? Nakuuliza tena. Mwanamume gani anaingia humu nikiwa kazini?"

"Baba Ziada, Mungu anisamehe, nilijua ni wewe!"

Yahaya alipekua jiko zima. Nyuma ya kabati alikuta kopo lisilo na maandishi, lina rangi ya kijani nusu. Alilinusa, akalirudisha, akatoka. Jioni hiyo hakula chakula cha mkewe. Hebu fikiria: miaka yote hamsikilizi, na siku anapopata anachokitaka anaitwa malaya. Mwanaidi alilia kwa uchungu huku akiosha vyombo.

Kesho yake sakafu ilikuwa nyekundu. Nyekundu ile ile aliyoitaka, imesuguliwa ikang'aa hadi ukiinama unajiona uso. Na katikati kulikuwa na alama mbili za magoti, za mtu aliyepiga magoti kusugua. Hapakuwa na unyayo wa kuingia wala wa kutoka.

Safari hii Mwanaidi hakusema ahsante. Alifunga mlango akakaa kizingitini kwake, akijiambia labda ni fundi, labda Yahaya anamtega. Kutoka kule uani alisikia kumbi la nazi likisugua sakafu: kwaru, kwaru, kwaru. Akinyamaza kusikiliza, na lenyewe linanyamaza.

Mchana huo alikuja Dorkas. Alikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, binti wa Kisabato kutoka Suji milimani, mwenye heshima zake, kifua kikijaa kikohozi cha vumbi la tambarare. Mwanaidi alikuwa amemwomba Mungu mpangaji wa aina hiyo hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita uani ukaone, mlango usukume tu. Niepue sufuria nakuja."

Kabla sufuria haijatua chini, Dorkas alikuwa amesharudi, mkoba kifuani.

"Mama, jiko zuri sana. Lakini mngeniambia mapema nisijisumbue."

"Nikwambie nini?"

"Baba mwenye nyumba amesema haipangishwi. Amesema ameitengeneza kwa ajili ya mke wake."

Mwanaidi aliishika nguzo ya baraza. "Baba yupi?"

"Huyo anayesugua sakafu. Amevaa kanzu nyeupe. Hata hakugeuka, amenijibu kwa mgongo." Dorkas alishusha sauti. "Mama, sitaki kusengenya, ila nimeshangaa. Anasugua kwa kumbi na kanzu haina hata doa."

Kutoka stesheni honi ya treni ililia. Yahaya alikuwa huko, Mwanaidi alijua, ameshika bendera yake.

"Nenda nyumbani mwanangu," alinong'ona. "Nitakuita. Usipite uani."

Alipobaki peke yake alitaka kukimbia, na miguu ikamkatalia, na badala ya kwenda barabarani kwenye watu ikampeleka uani hatua kwa hatua kama anavutwa kwa kamba, huku upepo umesimama tena na kuku wote wamejibana chini ya kibanda bila kulia, na harufu ya udi inazidi kuwa nzito mpaka anaionja ulimini, mpaka akafika mbele ya mlango wa jiko ambao alikuwa na hakika Dorkas ameuacha wazi na sasa ulikuwa umefungwa, na nyuma ya mlango ule, kutoka ndani, si kutoka nje anakosimama mgeni, kutoka ndani kabisa, sauti ya mwanamume ikasema kwa upole, "Hodi."

Mtu hupiga hodi akiwa nje. Mwanaidi alijua hilo, lakini ulimi uliofundishwa kuitikia hodi tangu utotoni ulikuwa umeshaanza kujiinua, ikabidi aukabe kwa kuuma ncha ya khanga.

"Mwanaidi," sauti ikasema. "Kabati umelipenda. Sakafu umeipenda. Mimi nilikusikia mara moja tu. Hodi, mke wangu."

Aliuma khanga mpaka ikatoboka. Kisha nguvu za miguu zikarudi, na hakusimama mpaka kwenye basi la Makanya.

Huko Makanya aliishi Maalim Chande, mwenye chuo cha Kurani, mtu mkali asiyependa kubembeleza watu wala majini. Alimsikiliza Mwanaidi mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ulisema atakayekupa vitu hivyo ndiye mumeo?"

"Nilisema kwa hasira, maalim."

"Akakupa. Ukamwambia umepokea na umeridhika?"

"Nilidhani ni mume wangu!"

"Lahaula! Wewe umetaja mahari, mwenzio kalipa, ukakubali kwa mdomo wako. Kwa hesabu yake umeolewa. Anangoja kukaribishwa tu, aingie kwako akuchukue. Na wa namna hiyo wakichukua hawarudishi."

Mwanaidi aliangua kilio. "Nifanyeje? Sitaki mume mwingine. Hata huyu niliye naye ananishinda!"

Maalim nusura acheke. "Mwanamke akitaka kumwacha mume hurudisha mahari. Basi utarudisha. Kila chembe ya rangi. Kikibaki kitu hata kidogo, ndoa imebaki."

Siku ya pili alikuja Same mwenyewe na chetezo chake. Yahaya alipoelezwa, aliona haya kwa vile alivyomshuku mkewe, lakini haya hazikumziba mdomo. Walipokuwa wanabandua kabati kwa panga alinung'unika. Walipoipasua sakafu kwa sururu alinung'unika zaidi.

"Rangi nzuri hivi, maalim! Na dukani hata sabuni hakuna."

"Piga sururu, bwana."

"Napiga. Nasema tu."

Mabonge mekundu na maganda ya kijani yalijazwa magunia, yakapakiwa kwenye mkokoteni, wakaenda mpaka korongo lile lile alikochotea mchanga Mwanaidi, chini ya mlima. Kopo la rangi alilibeba Yahaya, akatangulia mbele. Maalim alisoma, moshi wa chetezo ukipanda wima bila kuyumba. Mwanaidi alisema alivyofundishwa: "Nakurudishia chako. Sikutaki, niache." Wakamwaga kila kitu.

"Kimebaki kitu?" aliuliza Maalim.

"Hakuna," alisema Mwanaidi.

Yahaya alikohoa. "Hakuna," alisema.

Upepo ulivuma ghafla kutoka tambarare, ukawajaza vumbi macho na midomo, na Mwanaidi hakuwahi kulifurahia vumbi la Same kama siku hiyo.

Maisha yakarudi. Dorkas aliambiwa uongo mdogo, kwamba yule alikuwa shemeji mtani, akahamia. Sakafu ilisakafiwa upya kwa saruji tupu, kabati likapakwa kijivu. Mwanaidi alipika, alilala, alikwenda bombani. Kijivu chenyewe hakikuwa kibaya sana, alijiambia, na kila alipokiona roho ilimuuma kidogo.

Alasiri moja alirudi bombani na ndoo kichwani akamkuta Yahaya mlangoni anamngoja. Hajawahi kumngoja. Anatabasamu, mikono kaificha nyuma.

"Mama Ziada, mimi nimekukosea. Nilikwambia maneno mabaya. Tena nimekaa nikawaza, huyu mwanamke kaomba kitu kimoja tu, na mimi sikumsikia." Alitoa mikono. Ilikuwa ya kijani mpaka viwiko. "Nimekupakia rangi kitanda chetu. Ingia uone."

Miaka yote Mwanaidi alikuwa ameyangoja maneno hayo. Yalimwingia moyoni yote, matamu kama alivyodhani yatakuwa, na wakati huo huo macho yake yalikuwa yamenasa kwenye ile mikono ya kijani.

"Rangi umeitoa wapi?"

"Ile ya kopo. Nilipunguza kabla ya kufika korongoni, nikaificha kwenye chupa ya mafuta ya taa. Ingepotea bure, Mama Ziada. Maalim naye anazidisha."

Pazia la chumbani lilikuwa limeshikizwa pembeni ili aone vizuri. Kitanda kilikuwa kijani, laini, hakina mchirizi hata mmoja, na Yahaya hajui kupaka rangi. Shuka lilikuwa limetandikwa. Upande wa ukutani, anakolala Mwanaidi, godoro lilikuwa limeinuka vizuri. Upande wa pili lilikuwa limebonyea, na lilizidi kubonyea taratibu, kama mtu anajigeuza ili amtazame anayeingia. Harufu ya mawaridi ikawafikia pale mlangoni.

Kutoka kitandani sauti ikasema kwa upole, "Hodi."

Mwanaidi aliiachia ndoo, akaurukia mdomo wa mumewe kwa mikono miwili. Lakini Yahaya alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na katika maisha yake yote hajawahi kuacha hodi bila jibu.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani."