Ukuta wa Muhogo na Pumba

"Mikono imekuwa kama ya mpiga lipu hiyo, Theo! Pete itaingilia wapi?"

Theopista hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti jukwaani, katika ukumbi wa mabati pale Kiboriloni, akipaka uji mzito wa unga wa muhogo juu ya magunia ya kahawa yaliyoshonwa pamoja. Akamwaga pumba za mpunga za Chekereni juu yake, akakandamiza kwa kiganja. Ukikauka na kupakwa majivu na udongo mwekundu, ungeapa ni ukuta wa mawe wa enzi za Mjerumani. Rangi ya dukani kikundi chao cha maigizo kilikuwa nayo makopo mawili tu.

"Atakayenivisha si wewe, Gerson? Au umesahau?"

"Nisahau vipi? Desemba nakuja kwenu Kirua na wazee. Mradi upite kwanza."

Mradi! Zamani kikundi kilikuwa cha kiwanda. Kiwanda kikauzwa, mnunuzi akang'oa mashine akaziuza kama vyuma chakavu, na waliobaki wakaambiwa wajitegemee. Kufikia mwaka huo wa 2003, kujitegemea maana yake ilikuwa kumchekea mfadhili. Gerson, kiongozi wao, alijifunza kuchekea kuliko wote. Na Theopista alikuwa amemfanyia kazi bure miaka mitatu, kwa ahadi ya ndoa.

Nyuma ya Gerson alisimama msichana wa viatu virefu, amekunja pua.

"Huyu ni Pamela. Kasomea sanaa Dar, Kiingereza kinamtiririka. Mwonyeshe unavyofanya."

"Hapa chini? Mbona panatoa harufu?" alisema Pamela.

"Kaa, mdogo wangu. Muhogo haung'ati."

Pamela hakukaa. Alipiga picha mbili, akaondoka na Gerson katika gari la baba yake.

Jumamosi ya onyesho, Theopista alipewa programu mlangoni. Akasoma: "Mandhari: Pamela." Jina lake halikuwepo hata kwa wafagiaji. Alimkuta Gerson nyuma ya pazia.

"Ukuta huu kautengeneza nani?"

"Theo, usinianze. Wafadhili wanataka mtu wa kuongea naye. Wewe ungewaambia nini? Gudi moni ticha?"

"Na ndoa?"

Gerson akatazama saa. "Nikwambie ukweli, maana nakuheshimu. Mke wa mkurugenzi kama mimi hawezi kuwa na kucha za muhogo. Baba yake Pamela tumeshaongea naye. Sasa kavute pazia, watu wanasubiri."

Na Theopista akavuta pazia. Usimcheke. Mtu aliyezoezwa kutumwa, mikono yake hutii kabla moyo haujaulizwa.

Makofi yalilia kabla mchezaji yeyote hajafungua mdomo. Mchezo ulipokwisha, mama mmoja kati ya wafadhili, aliyekijua Kiswahili vizuri, alipanda jukwaani akapapasa ukuta.

"Kumbe si mawe! Pamela, tuonyeshe. Vikundi vingine vyote vijifunze."

Jiko la Beatrice, muuza chai wa ukumbini, likaletwa na sufuria ikitokota. Pamela akachota unga, akautupa wote kwenye maji ya moto. Yakaibuka madonge makubwa kama ngumi.

"Yeleuwi!" Beatrice akapiga kelele. "Unga unakorogwa na maji baridi kwanza, mwanangu! Hata uji hujawahi kupika?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Pamela akakoroga kwa hasira, madonge yakazidi.

"Theo!" Gerson alinong'ona kwa ukali. "Njoo umsaidie. Haraka!"

"Kwa kucha hizi?" Theopista alijibu, sauti ikafika kiti cha mwisho. "Ukuta nimeutengeneza mimi. Huo mwingine atengeneze mwenye jina."

Pamela akautupa mwiko. "Uliniambia hii kazi hata kipofu anaiweza!" alimfokea Gerson, akashuka zake. Gari likaondoka.

Jumatatu simu ya Theopista ikalia. Ujumbe:

"Theo mpenzi nisamehe. Ni shetani tu. Wafadhili wanakutaka wewe, bila wewe mradi haupo. Jumapili nakuja kwenu na mjomba."

Theopista akaufuta ujumbe.

Jumapili baada ya misa, Gerson alifika Kirua na mjomba wake, mzee Kastori, na madumu mawili ya mbege, pombe ya ndizi: moja la kuomba msamaha, moja la posa. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo. Kwa desturi ya huko, anayeletewa jani hilo hana mdomo wa kukataa. Husamehe, hata kama ameuliwa ndugu. Gerson alilijua hilo. Ndiyo maana alilibeba.

"Meku Eliamini," mzee Kastori alimwambia baba yake Theopista kwa heshima ya wazee, "kijana wetu amekosa. Tumekuja na isale."

"Aliyekosewa ni huyu. Mpeni yeye."

Theopista akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Gerson."

Mashangazi wakapiga vigelegele. Gerson akafuta jasho, akasogeza dumu la pili.

"Basi tupange siku, mpenzi. Na kesho asubuhi uwahi ukumbini, wanakuja kukuona unapaka."

"Umefuata mke au umefuata ukuta?"

"Aa... si vyote viwili?"

Mzee Kastori akafunika uso kwa kofia.

"Baba," Theopista akauliza, "isale inanidai nini?"

"Msamaha."

"Na ndoa?"

Mzee Eliamini akatikisa kichwa. "Hiyo haimo."

"Theo! Mradi utakufa!"

"Haufi. Kikundi kilikaa jana. Mradi unaendelea, wewe ndiye umetolewa. Na waliopiga kura ya kukutoa ni wote."

Gerson akamgeukia mjomba wake.

"Dumu la msamaha tutalinywa," mzee Eliamini akasema. "La posa rudi nalo. Kastori, wewe kaa, huna kosa."

Mzee Kastori akakaa, akapokea kibuyu cha kwanza. Gerson akajitwisha dumu kichwani mwenyewe, akashuka mteremko wa tope katikati ya migomba, huku wanawake waliotoka misa wakimpisha kando ya njia na kumwuliza kwa adabu kabisa:

"Shemeji, mbona unarudi nalo?"