Kufunga Nyumba ni Kufunga Nini?

Kila asubuhi Kaari alimpikia mumewe uji na kumfungia githeri kwenye mkebe. Mumewe, Ndambiri, ni fundi wa nyumba pale mtaa wa Dallas, mjini Embu. Lakini Jumatatu hiyo fundi hakugusa uji. Alishika mtalimbo.

"Unaenda wapi na chuma hicho, Baba Mbaka?"

"Kung'oa mabati ya Jamaldin! Tulikubaliana nikifunga nyumba ananimalizia pesa. Nimepiga mabati, nimefunga. Sasa ati kufunga ni milango na kufuli!"

Kaari alimjua Jamaldin, mwenye nyumba hiyo. Mabati yalinunuliwa na Jamaldin. Yaking'olewa, mumewe atalala seli. Mbio akamwita jirani, Kawira, karani wa wakili.

"Fundi, weka hicho chuma chini," Kawira akasema. "Mliandikiana?"

"Tuandikiane nini? Tulishikana mikono."

"Mkono haujui kusoma, fundi. Kuna meseji? Kuna picha?"

"Wee! Simu yake ina picha nyingi za mabati kuliko za watoto wangu," Kaari akajibu.

Kawira akawaeleza polepole. Zamani deni dogo lilizeeka kortini. Siku hizi kuna Korti ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku sitini. Mapatano ya mdomo pia husikizwa, ila kuyathibitisha ni kazi.

"Lakini kwanza mwandikie barua ya kudai. Mwite mkae chini. Mkipatana, korti ya nini?"

Jamaldin, mwenye bucha, alikuja na barua mkononi. "Fundi, unanishtaki mimi?"

"Bado, Mzee. Nakuuliza tu, kufunga ni nini?"

"Nyumba bila mlango imefungwa? Si mbuzi ataingia!"

"Sisi mafundi, mvua isipoingia, imefungwa."

Kawira akacheka, wote wakacheka. Wakapatana: kazi ya paa ilipwe Ijumaa, milango iwe na bei yake. Kawira akaandika. Kaari, aliyeishia darasa la saba, akasoma kila mstari kwa kidole.

"Hapa mmesema 'akimaliza'. Kumaliza nini?"

Kawira akashika kalamu tena. Ikaandikwa upya: kumaliza ni kutia milango yote na kuipaka rangi mara mbili. Ndipo wakatia sahihi.

Ijumaa pesa zikaingia. Ndambiri akawalipa vibarua wake, akarudi nyumbani jua lingali juu, akala, akalala fofofo. Kaari akakaa kando yake akimsikiliza anavyokoroma. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, kukoroma kule hakukumkera.

Nawe msomaji, kabla jiwe la kwanza halijawekwa, andikianeni. Na kila neno liulizwe maana yake.