Migomba Safi ya Kathure

Katika ukoo wa mume wa Watiri, huko Mukurweini, bibi arusi hapokewi mikono mitupu. Mama mkwe humchimbia machipukizi ya migomba shambani mwake, naye huenda kuyapanda kwake. Watiri alipewa hivyo, na migomba ile ikamsomeshea watoto. Sasa mwanawe Gicheru ameoa Kathure, msichana wa Meru, na zamu ya kutoa imefika.

Lakini migomba ya Watiri ilikuwa migonjwa. Majani yalikuwa yakigeuka manjano na kuning'inia. Watiri aliona, akanyamaza, na mficha maradhi kifo humuumbua. Machipukizi bado yalikuwa ya kijani, basi akajipa moyo kwamba hayo ni mazima.

Binti yake Murugi alikuwa akisomea bioteknolojia katika chuo cha sayansi mjini Nyeri. Jina la somo hilo lilimshinda Watiri. Majirani wakiuliza, alisema binti anasomea mambo ya chupa. Murugi alipokuja nyumbani alimkuta mama akichimba. Aliomba chipukizi moja, akalipasua kwa panga. Ndani kulikuwa na madoa mekundu kama kutu.

"Mami, hii imeshagonjeka," alisema. "Ni kuvu, iko kwa udongo. Inaingia kwa mizizi, inaziba njia ya maji. Ukipatia Kathure hii, ugonjwa utakaa kwa shamba yake miaka mingi."

"Na nikose kumpatia? Watasema simtaki."

Watiri alikuwa na hasira, lakini aibu ilikuwa kubwa zaidi. Murugi hakubishana naye. Alimpeleka chuoni akajionee. Huko wanafunzi walikata kipande kidogo cha moyo wa mgomba wenye afya, wakakiosha kwa dawa, wakakitia ndani ya chupa yenye chakula chake. Kipande kimoja kama hicho huzaa miche mingi isiyo na ugonjwa.

Watiri aliuliza kama miche hiyo itamea vizuri shambani kwake. Murugi hakumficha. Alisema kuvu ikiwa udongoni, hata mche safi utaugua. Upandwe mahali pasipo na ugonjwa, na jembe na viatu vioshwe kwanza. Watiri alilia kwa ajili ya shamba lake, kisha akabeba miche ya Kathure, iliyokuwa imekwisha kukuzwa pale chuoni.

Siku ya sherehe, wanawake walinong'ona: ati migomba ya chupa? Watiri alisimama akawaambia wazi kwamba yake inakufa. Wawili wakakiri kwamba hata yao inakauka. Baadaye Watiri aling'oa migomba yake, akaichoma, akapanda mahindi.

Migomba ya Kathure ilipozaa, Watiri alikwenda kuiona. Kathure alimngojea langoni na karai la maji ya sabuni, macho chini. Kumzuia mama mkwe langoni si jambo dogo. Watiri alimwonea huruma. Alivua viatu, akaanza kuvisugua mwenyewe.

"Usione haya, mwanangu," alisema. "Mtu akikataa kuosha, hata akiwa mimi, mrudishe kwake."

Kathure alishusha pumzi, akacheka. Akamkatia mama mkwe mkungu wa kwanza, na Watiri akaubeba mgongoni hadi nyumbani, ambako hakukuwa tena na mgomba hata mmoja.