Viti Kumi, Watu Tisa

Siku ile ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Nilikuwa nashona vitambaa vya makochi ya mteja mmoja msumbufu, mama aliyebadilisha rangi mara tatu, na kaka yangu alikuwa upande wa pili wa karakana akigongomea sponji kwenye fremu. Ndivyo tulivyogawana kazi tangu baba atuachie ile karakana: mimi cherehani na maneno, yeye nyundo na ukimya. Wateja walimwita Bubu, ingawa hakuwa bubu. Fundi wa makochi huweka misumari midogo mdomoni ili mikono yote miwili ibaki na kazi, na kaka aliipenda sana hiyo desturi, maana mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi maswali. Mimi, jamani, mdomo wangu haukuwa na breki. Marehemu mama alikuwa akisema tuligawiwa maneno kwenye sahani moja, nami nikala na fungu la kaka.

Baada ya chakula cha mchana kaka alizoea kujinyoosha kwenye kochi lolote ambalo halijamalizika, dakika ishirini hivi, kisha anarudi kazini. Siku ile aliamka amelowa jasho. Alikaa kitako, akanitazama kwa muda, halafu akaanza kunisimulia ndoto bila kuulizwa. Hilo peke yake lilitosha kunishtua.

Alisema ilikuwa wiki ya tatu sasa. Kila akilala mchana anajikuta kwenye chumba kirefu chenye kuta nyeupe na viti kumi vilivyopangwa ukutani. Watu tisa wamekaa, wazee kwa vijana, hakuna anayesema. Kiti cha kumi ni kitupu.

"Wananisubiri mimi, mdogo wangu," alisema. "Kila siku najikuta nimesimama karibu zaidi na kile kiti."

Nilimtazama vizuri. Shati lilikuwa linampwaya, na kidole gumba kilikuwa kimevimba kwa kujigonga nyundo, yeye ambaye angeweza kupiga msumari amefumba macho. Wazazi tulishawazika. Tulikuwa tumebaki wawili tu, ndugu wa tumbo moja, na niliogopa nitabaki peke yangu.

Sasa, tulikuwa na shangazi yetu, dada yake baba, aliyefasiri ndoto kwa namba. Siyo namba za bahati nasibu. Watu wa bahati nasibu aliwafukuza mlangoni. Yeye alikuuliza umeona vingapi: milango mingapi, ngazi ngapi, ndege wangapi. Moja ni nafsi yako, mbili ni shahidi, tatu ni safari, saba ni siri, tisa ni kizingiti. Lakini namba peke yake haikumtosha. Saba ya mtu mwenye hasira ni siri itakayomponyoka, na saba ya mtu mpole ni siri anayofichwa na watu wa nyumbani kwake. "Namba ni kiatu," alikuwa akisema. "Lazima nione na mguu." Kwa hiyo alikusoma tangu ulivyobisha hodi, ulivyovuta kiti, ulivyokunywa chai. Na sheria yake ilikuwa moja: ndoto inasimuliwa na mwenyewe, kwa mdomo wake. Ndoto ya kutumwa hakuipokea hata kama ni ya mwanawe.

Kaka alikataa kwenda. Nilimbembeleza siku nne, na kila nilipoanza alitia misumari mdomoni. Siku ya tano nikaona sikio la kufa halisikii dawa, basi dawa nitaifuata mimi. Nikaenda kwa shangazi, nikaketi mbele yake, nikasema ndoto ni yangu.

Naona aibu hata kulisema hili. Nilidhani namba ni namba.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka. Alisema kwa mtu mwenye maneno mengi kama mimi, tisa ni baraza linalongoja kusikia. Hakuna la kuogopa. "Kaa kwenye hicho kiti, mwanangu," aliniambia. "Kaa, ufungue mdomo. Watatawanyika kama kuku." Nikamshukuru na kurudi karakana mbio, nimejaa furaha ya mtu aliyeleta dawa.

Nilimweleza kaka kwamba shangazi amesema akae. Alitema misumari kiganjani. Aliniuliza kama nina hakika.

"Nina hakika," nikasema.

Alijilaza kwenye kochi la yule mteja msumbufu. Nje magari yalikuwa yanapita, jua la saa nane likiingia mpaka miguuni pake, na mimi nikaendelea kushona huku namwangalia. Mwanzoni alihema kama kawaida. Kisha magoti yake yakakunjika taratibu, pale pale alipolala, kama mtu anayekaa. Cherehani ikanikatikia uzi. Pumzi yake ikasimama. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nilifika tisa.

Akafumbua macho, akacheka. Kicheko kikubwa, cha kifuani, ambacho sikuwahi kukisikia tangu tuzaliwe. "Habari za kazi, fundi?" akanisalimu, akaamka na kwenda mlangoni kupiga soga na wapita njia.

Nilifurahi. Huo ndio ukweli wangu, nausema. Wiki nzima nilifurahi. Kaka alinenepa, akawa anawachekesha wateja, anawakumbuka watoto wao. Misumari aliiweka kwenye kopo, maana mdomo ulikuwa na kazi nyingine. Wifi yangu alikuja karakana amevaa gauni jipya, akanong'ona kwamba sasa mumewe anamsimulia mambo mpaka usingizi unampitia.

Kilichoanza kunikwaza ni kitu kidogo. Tangu siku ile hakuniita mdogo wangu. Aliniita fundi, kama wateja wanavyoniita. Nikasema labda ni utani. Kisha nikaona mikono. Kaka siku zote alipiga misumari kwa mkono wa kushoto. Huyu alishika nyundo kwa mkono wa kulia, na mistari yake ilikwenda upande. Siku moja alikuwa anamsimulia mteja habari za harusi yake, jinsi mvua ilivyonyesha na bibi harusi akabebwa mgongoni kuvuka maji. Mteja alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi sikucheka. Harusi ya kaka nilikuwepo, nilishona gauni. Mvua haikunyesha.

Nilisubiri mteja aondoke, nikamwomba twende wote kwa shangazi, amsimulie ndoto yake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mimi huwa sioti," alisema. Alikuwa anatabasamu. Akasogea, akainama mpaka sikioni kwangu, na sauti yake ikawa ya chini kabisa. "Hatukumlazimisha, fundi. Alikaa mwenyewe. Wewe ndiye uliyemwambia."

Sijui nilifikaje kwa shangazi. Nilianguka mlangoni pake nikamweleza yote. Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini polepole.

"Ulinipa namba yake na tabia yako," alisema. Kisha alinieleza kwamba kwa mtu mkimya, tisa ni watu wasio na pa kutokea. Mdomo ambao mwenyewe hautumii, wao huuona kama mlango ulioachwa wazi. Akikaa, mmoja wao anatoka kwa mlango huo, na yeye anabaki kushika nafasi. Kwa hiyo hawapungui. Wanabaki tisa, na kiti kimoja kitupu, kwa ajili ya mwingine.

Nikamuuliza kama kaka anaweza kurudi. Alisema njia ni moja, na yeye haipendi. Nilisema ile ndoto ni yangu, basi itanijia. Ikija, nikae, nami niseme. Niseme chochote, nisinyamaze hata pumzi moja, maana mtu wa maneno wanamkimbia, na wakikimbia wote, kaka naye atatoka. Lakini nikinyamaza nimekwisha.

Kusema? Mimi? Nililia kwa nafuu. Hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

Kabla ya hapo nilimwendea wifi. Niliona ana haki ya kujua. Nilimwambia yule aliye ndani kwake si mumewe, na kwamba najaribu kumrudisha wa kwake. Nilidhani atapiga kelele, atanifukuza, ataniita mchawi. Hakufanya hivyo. Alifunga mlango wa jikoni kwanza.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo, "miaka kumi na moja nimeishi na mgongo. Sasa nimepata uso. Niachie."

Alikuwa anajua. Alijua tangu siku ya kwanza.

Niliondoka sina la kusema, na kwa kweli tangu hapo sikuwa nalo. Nilikaa karakana na yule mtu, yeye akiongea asubuhi mpaka jioni, mimi nikikanyaga cherehani. Wateja walianza kuniuliza kama naumwa. Niliwajibu kwa kichwa. Kila mchana nilijilaza nikiingoja ile ndoto, nikipanga nitakachosema: majina yetu yote, matusi ninayoyajua, bei ya sponji, chochote. Siku zikapita, mwezi ukapita. Majuto yalikuwa yakinila maneno, nami sikuona yanachonifanya. Mtu haoni anavyonyamaza.

Ilikuja Alhamisi, saa nane mchana.

Chumba kirefu. Kuta nyeupe. Viti kumi. Niliwahesabu kwa kidole, moja mpaka tisa, na wa tisa alikuwa kaka yangu. Amekaa wima, mikono juu ya magoti, amekonda. Kiti kitupu kilikuwa ubavuni kwake. Wale wengine waligeuza nyuso kunitazama, wote kwa pamoja, kwa upole, kama wagonjwa wanaoona mlango wa daktari unafunguliwa.

Nikasogea. Nikafungua mdomo niseme jina lake.

Hakikutoka kitu.

Nikajaribu jina la mama. Hakuna. Nikajaribu kulia. Hakuna. Ulimi ulikuwepo, pumzi ilikuwepo, maneno hayakuwepo. Miguu yangu ikaendelea kusogea, sikuiambia. Kijana mmoja mwisho wa safu alianza kutabasamu. Nikageuka kukipa kiti mgongo. Magoti yakaanza kukunjika.

Kaka akanitazama. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akautandaza juu ya kile kiti, akaukandamiza kwa nguvu zake zote, ili nisipate pa kukaa. Midomo yake ilifunguka. Nilimsikia.

"Mdogo wangu," alisema. "Nenda."

Niliamka sakafuni, kando ya meza ya kukatia. Yule mtu alikuwa mlangoni na mteja, anacheka. Shangazi nilimweleza siku hiyo hiyo, akasema haitanijia tena. Mwenye ndoto amenifungia mlango. Nilimwomba anitafutie namba nyingine, tabia nyingine, njia yoyote. Alinishika kichwa kama mtoto, akaniacha nilie.

Kesho yake asubuhi nilifungua karakana mimi, kufuli mbili, funguo zote mbili ninazo. Katikati ya sakafu palikuwa na kiti cha mteja ambacho nilikijaza sponji jipya jana yake, bado hakijavishwa kitambaa. Katikati ya sponji kulikuwa na alama ya mkono. Kiganja na vidole vitano, vimezama kiasi cha inchi mbili. Mkono wa kushoto.

Sponji jipya ukilibonyeza linainuka, hata ukilikalia mwaka mzima litainuka. Nililipigapiga. Nilililowesha, nikalianika juani siku tatu. Halikuinuka.

Yule anayeishi na wifi yangu aliliona asubuhi ile ya kwanza, alipoingia. Alikuwa katikati ya hadithi, na hadithi ikakatika. Akaja akasimama mbele ya kiti, akanyoosha mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya ile alama. Ulienea, kidole kwa kidole. Mara akauvuta haraka, akaushika kwa mkono mwingine na kuusugua, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Nikamuuliza kuna nini.

Siku hiyo nzima hakusema neno. Lakini nilimwona, kila baada ya muda, akikipapasa kiganja chake, pale kaka alipokuwa amekishika kutoka upande wa pili.