Kabla ya Kusema Hawezi

"Usinifundishe kumtunza mume wangu!"

"Sikufundishi, nakuuliza tu. Mteja kamsemesha yeye, umejibu wewe. Kwani ulimi wake umeuazima?"

"Hawezi! Nikwambie mara ngapi? Hawezi!"

Mtaa mzima ulisikia. Waliokuwa na sufuria motoni waliziacha ziungue. Waliokuwa wakigombana ni mke wa fundi cherehani na jirani yake, mwenye saluni.

Mwaka uliopita fundi alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakawa yanatoka kwa shida. Tangu hapo mkewe alimvisha, akamlisha kwa kijiko, akamjibia hata salamu. Asubuhi ile mteja alikuja kumwomba fundi ushauri kuhusu koti. Fundi alianza kufungua mdomo. Mkewe akawahi: "Hawezi." Mteja akaenda zake. Fundi akageukia ukuta, machozi yakamtoka.

Mwenye saluni ana mdomo, hilo halifichiki. Lakini siku hiyo hakuishia kwenye mdomo. Jioni alimleta wifi yake, ambaye huwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini.

Wifi alivuta kiti, akakaa mbele ya fundi.

"Hujambo, fundi?"

Mke akataka kujibu. Wifi akamwonyesha kiganja: subiri. Wakasubiri. Fundi alihangaika na midomo yake mpaka jasho likamtoka.

"Si... jambo."

"Kumbe mwenye nyumba yumo!" alisema mwenye saluni.

Fundi akacheka. Mke hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa miezi mingi.

"Dada," wifi alimwambia, "unaposema hawezi, sema hawezi nini. Hawezi leo? Hawezi peke yake? Hawezi kwa mkono wa kulia? Ukisema hawezi tu, umemfungia mlango. Mgonjwa wa kiharusi hujifunza upya kwa kufanya. Mwache ajivishe, wewe msaidie panapomshinda. Akisimama, kaa karibu asianguke. Usimvute mkono uliolegea. Akizungumza, mpe muda."

"Na vidole vyake? Vitanyooka kama zamani?"

Wifi hakutaka kumdanganya. "Hospitali waliwaambia mrudi kwa mazoezi?"

Mke aliinamisha kichwa. "Walituambia. Tukaenda mara moja. Nilipomnyoosha vidole alilia, nikaona namtesa. Nikaacha."

"Vimekakamaa sana. Sidhani vitarudi kushika mkasi. Tungeanza mapema, huenda tungepata zaidi. Ila bado kuna cha kupata, tukianza sasa."

Mke alijifunika uso kwa kanga. "Nilidhani namhurumia. Kumbe namkalisha."

Mwenye saluni akavuta kiti, akakaa kando yake.

Walianza wiki ile ile. Kila asubuhi fundi alipigana na vifungo vya shati. Mke alikalia mikono yake ili isikimbilie kumsaidia. Walirudi hospitalini kwa mazoezi. Polepole fundi akajifunza kushika chaki kwa mkono wa kushoto. Mistari yake ilikuwa imepinda, lakini vipimo vilikuwa sawa. Yeye alichora, mkewe akakata.

"Si hapo," fundi alimwambia siku moja. "Kata... nje. Unataka mteja... asipumue?"

Kazi zikaanza kuingia tena, chache chache. Mkono wa kulia ulibaki umekunjika juu ya paja. Kila mara mke alipoutazama, alikumbuka miezi ile aliyoipoteza, na moyo ulimuuma.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, mwenye saluni alipita na umbea wake mpya. Akawakuta mezani. Fundi alikuwa anakula mwenyewe, nusu ya chakula kinywani, nusu kifuani.

"Nitarudi baadaye," alisema, akasimama mlangoni.

Mke alifungua mdomo amkaribishe. Kisha akaufunga. Akamtazama mumewe, akangoja.

Fundi aliweka kijiko chini.

"Jirani," alisema, "ingia... ndani. Tule."