Vidonge vya Kalolaine

Jumamosi asubuhi soko la Ōtara, soko la Watonga na wahamiaji wengine wa visiwani, halina pa kuweka mguu. Kalolaine alikuwa amesimama mbele ya meza ya majimbi, ameshika jimbi moja kubwa na kuligeuzageuza kama mtu anayelitafutia kasoro. Hakuwa na haja ya majimbi. Alikuwa anatafuta pumzi. Kutoka alipoegesha gari hadi hapo si mbali, lakini tayari alikuwa amesimama mara tatu: kwenye mashuka, kwenye viatu vya mitumba, na sasa hapa.

"Dada," sauti ya kiume ilisema kutoka nyuma ya meza, "hilo jimbi umelitazama mpaka linaona haya. Lichumbie au liache."

Aliinua macho. Mwenye sauti alikuwa mrefu, kifua kama kabati, amevaa fulana ya bluu iliyofifia mabegani, na kiunoni amefunga aproni ya kike yenye maua mekundu bila aibu yoyote.

"Ninachagua," Kalolaine alisema kwa ufupi, maana pumzi ya maneno mengi hakuwa nayo.

"Unachaguaje na umeshika moja tu?"

"Nalilinganisha na wewe."

Mwanamume aliangua kicheko. Mama mmoja mnene, mwenye shanga shingoni, aliyekuwa akipanga mihogo pembeni, aligeuka kwa ukali.

"Semisi! Nimekuweka hapo uuze au ucheke?"

"Samahani, shangazi." Kisha akamwinamia Kalolaine na kunong'ona, "Huyo ni shangazi Fifita, dada wa baba. Ukitaka kunishtaki, mahakama ndiyo hiyo."

Kalolaine alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alikuwa akishona magauni ya kanisa nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Māngere. Miaka miwili nyuma, daktari alimweleza kwamba mishipa ya damu ya mapafuni mwake imekaza, shinikizo limepanda, na moyo wake umechoka kusukuma. Hakulia siku ile, wala siku iliyofuata. Kitu fulani ndani yake kilikufa ganzi, naye akaona ni nafuu. Kwa hiyo Semisi alipoomba namba ya simu, alimpa. Si kwamba alimpenda. Kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Semisi aliendesha mashine ya kupangia mizigo katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Kila mapumziko ya chai alipiga simu.

"Mama majimbi, umeamkaje?"

"Niko."

"Niko tu? Hata 'niko, mpenzi' hakuna?"

"Umekuwa mpenzi lini?"

"Tangu Jumamosi. Nilisahau kukuarifu."

Kalolaine alicheka, au tuseme mdomo wake ulicheka. Yeye mwenyewe alikuwa mbali, akiusikiliza. Ikifika saa nane mchana simu yake hulia kengele, naye humeza kidonge cheupe, kimoja kati ya vitatu vya siku. Kulikuwa na kingine cha rangi ya chungwa, asubuhi na jioni. Semisi alikuwa ameshaisikia kengele ile mara nyingi.

"Nani huyo anayekuita kila saa nane?"

"Mume wangu mkubwa."

"Mwambie mdogo ameshafika."

Kwenye dansi ya kuchangia paa la kanisa alivaa gauni la kijani cha chupa alilojishonea mwenyewe, mkanda wa nyuzi za kusuka kiunoni, na ua jeupe nyuma ya sikio. Wanaume waligeuza shingo. Semisi alinyoosha mkono.

"Twende, malkia."

"Viatu vinanibana."

Semisi alimtazama kidogo. Kisha akaketi kando yake, akavua vyake, akavipanga chini ya kiti. "Hata vyangu vinabana," alisema, na hawakucheza hata wimbo mmoja mpaka taa zikawashwa na watu wakaanza kukunja viti.

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, mambo yakaharibika. Mama yake alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya. Kalolaine alikuwa jikoni anakanda unga wa maandazi, mikono myeupe hadi viwikoni, Semisi ameketi mezani akimchokoza. Kengele ikalia.

"Nitolee kopo jeupe kwenye mkoba," alisema bila kufikiri.

Semisi akalitoa. Akasoma karatasi iliyobandikwa. Akasoma tena.

"Kalo. Hizi za nani?"

"Zangu."

"Zako?" Alicheka kidogo, kicheko kikamwishia njiani. "Sildenafil. Hizi nazijua. Kule kazini wazee wanazinunua kwa kunong'ona. Hizi dawa za nguvu za kiume. Ni mwanamume gani anayeweka vitu vyake kwenye mkoba wako?"

Sentensi moja ingetosha, na Kalolaine alikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini alijua nyuma yake kuna nyingine, na nyingine tena, na mwisho wake anaujua. Mchumba wake wa kwanza, alipoambiwa, alianza kusema naye polepole kama anasema na mtoto mchanga. Alimfungulia kila mlango. Mwezi wa pili akahamia Brisbane.

"Ukitaka kuamini hivyo, amini," alisema.

"Nataka unieleze!"

"Sina la kueleza."

Semisi aliliweka kopo mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akachukua ufunguo wa gari, akatoka. Kalolaine alinawa mikono, akameza kidonge chake, akarudi kwenye unga. Maandazi yalitoka mazuri sana. Alikula mawili. Aliusubiri uchungu kama mtu anayesubiri basi, usije.

Wiki ya pili alikwenda kliniki ya mapafu. Nesi wake, Maureen, mwanamke mkavu mwenye miwani ya kamba, alimpa fomu ya kutolea damu kama kila mwezi. Ini lipimwe, maana kile kidonge cha rangi ya chungwa huweza kuliumiza kimyakimya. Na mimba ipimwe, maana kidonge hichohicho huharibu mtoto aliye tumboni.

"Nyumbani nani anajua dawa zako?" nesi aliuliza.

"Mama."

"Na nani mwingine?"

"Kadi iko kwenye pochi."

"Kadi haina mdomo, Kalolaine. Ukianguka kanisani, nani atasema usipewe nini? Mtafute mtu mmoja, asiye mama yako. Umwambie yote."

Alifikiri njia nzima, akihesabu watu aliowajua. Jina lililobaki lilikuwa moja, na wala halikumfurahisha. Aliegesha gari kando ya barabara, akapiga.

"Semisi, nina jambo la kukuambia. Usinikatize."

"Ngoja." Alisikia droo ikifunguliwa, karatasi zikichakarika. "Sema."

Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Ugonjwa ni huu. Kidonge cheupe ni kile wanachokinunua wazee wa ghalani kwa kunong'ona, ila kwake kinalegeza mishipa ya mapafu ili apumue. Asikose dozi, asimeze mbili kufidia moja, asiache ghafla. Asimeze dawa ya mtu mwingine, hata ya mafua, kabla ya kumuuliza mfamasia.

"Na nikianguka, mtu asinipulizie ile dawa ya chini ya ulimi wanayotembea nayo wagonjwa wa moyo. Ikikutana na kidonge changu presha inaporomoka. Naweza nisiamke. Waambie wa gari la wagonjwa pia: nisipewe nitrati ya aina yoyote."

"Nitrati," Semisi alirudia, akiandika. "Rudia miligramu."

Alirudia. Kisha akamalizia, haraka, kabla hajajuta.

"La mwisho. Sizai. Mimba inaweza kuniua, na dawa zinaharibu mtoto. Ukitaka watoto tafuta mwenzio. Gauni la bibi harusi nitakushonea mimi."

Upande wa pili kalamu ilisikika ikiwekwa mezani.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Nimekuambia leo."

"Nitakupigia, Kalo."

Hakupiga. Siku zikawa wiki. Kalolaine alishona, alilala, alimeza. Fomu ya damu ilikaa juu ya friji. Leo hakujisikia kwenda, kesho mvua. Bila majibu ya damu kliniki haitoi kidonge cha rangi ya chungwa, naye alilijua hilo vizuri. Kopo likaisha. Alilitazama likiwa tupu, akalirudisha kabatini, akaendelea na cheupe peke yake.

Siku ya nne tangu kopo kuisha ilikuwa Jumamosi, sherehe ya shangazi Fifita kutimiza miaka sitini. Mama yake Kalolaine alikuwa amemsukia shangazi mkeka wa zawadi, na haingewezekana mkeka uende bila binti. Ukumbi wa kanisa ulijaa: wanaume wamefunga mikeka viunoni juu ya sketi zao nyeusi, kama ilivyo desturi ya Watonga, wanawake wamepaka mafuta ya nazi yenye maua, meza zimeelemewa na nguruwe wa kubanikwa na nyama iliyopikwa kwa tui ndani ya majani. Alimwona Semisi upande wa pili, amekonda. Semisi alimwona. Hakuna aliyevuka ukumbi.

Kalolaine alinyanyua sinia la samaki kumsaidia mama yake. Hatua sita. Kifua kikabana kama kimefungwa kamba. Sinia likaanguka, naye akafuata.

Alipofumbua macho aliona dari na nyuso. Midomo yake ilikuwa inachezacheza, sauti haitoki. Shangazi Fifita alikuwa amepiga magoti juu yake na gauni lake la sherehe, anafukua mkoba.

"Ni moyo! Naujua, wangu ulikuwa hivihivi. Mpisheni!" Alitoa kichupa chekundu cha kupuliza. "Fungua mdomo, mwanangu. Inua ulimi. Hii ndiyo iliyoniponya mimi."

Kalolaine alijua kile ni nini. Alijaribu kufunga meno, taya likagoma. Aliona kidole kinene cha shangazi kikishuka juu ya kichupa, naye hakuogopa. Aliwaza tu, bila uzito wowote: kumbe ndivyo inavyoisha.

Mkono ukaja ukaudaka mkono wa shangazi.

Dada wa baba, kwa Watonga, hapingwi. Chakula chake hakiguswi, na kumshika mkono mbele ya watu, tena siku yake, hata mlevi hathubutu. Semisi alikuwa ameushika kwa nguvu, uso umemsawijika.

"Shangazi, acha."

"Unanishika mimi?"

"Hiyo itamuua. Nisamehe. Itamuua."

"Semisi, niachie mkono!"

"Siachii mpaka uitupe!"

Kichupa kikadondoka, kikabingirika chini ya meza. Shangazi Fifita alibaki anautazama mkono wake kama si wake. Semisi alimwinua Kalolaine akamkalisha, mgongo wake juu ya kifua chake, akawaambia watu wafungue milango na wapige simu. Gari la wagonjwa lilipofika aliwatajia ugonjwa, vidonge vyote viwili, miligramu na saa zake, kwa kichwa, bila karatasi. Neno nitrati alilisema mara tatu, mpaka mhudumu akamwambia, "Kaka, tumesikia."

Daktari alimweleza Kalolaine siku ya pili, oksijeni ikiwa puani. Kuacha ghafla kidonge cha rangi ya chungwa ndiko kulikomwangusha. Na kile kichupa kingepulizwa juu ya kidonge cheupe cha asubuhi, pengine asingefika hospitali. Kalolaine aliitikia kwa kichwa. Aliomba maji.

Shangazi Fifita alikuja siku ya nne. Semisi alikuwa ameketi sakafuni mlangoni mwa nyumba ya shangazi siku mbili, kichwa chini, kuomba radhi kama inavyopasa. Siku ya tatu shangazi alimwambia ainuke, anamharibia zulia. Sasa mama huyo alisimama miguuni pa kitanda, ameukumbatia mkoba wake.

"Nilitaka kukuponya, mwanangu, kumbe nakuzika."

"Hukujua, shangazi."

"Sikuuliza." Alifuta macho. Kisha akageuka mlangoni. "Ingia wewe. Mimi natafuta chai."

Semisi aliingia na fulana yake ya kazini. Aliketi. Kando yake mashine ilikuwa inahesabu mapigo ya moyo wa Kalolaine.

"Nilitaka watoto watano," alisema. "Nilishawapa na majina. Wiki zote hizi nilikuwa nawaaga, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana sikupiga. Sikutaka kuja kwako huku nawalilia bado."

"Umemaliza?"

"Wawili bado. Lakini nilikuona pale chini, Kalo, nikajua nitamalizia nikiwa hapa. Tuoane. Ukikubali."

Kalolaine alisubiri furaha ije, au huruma, au chochote. Kilichokuja hakukitegemea, kilipanda kutoka tumboni, cha moto, kikamfikia masikioni.

"Wiki tano!" alipayuka. "Wiki tano, Semisi! Hata ujumbe! Hata 'umeamkaje'! Nimekaa na simu chooni, nimelala nayo kitandani, kama mwendawazimu! Nani alikutuma uwaage watoto peke yako? Walikuwa wako peke yako?"

Mashine ikaanza kulia. Nesi alikuja mbio, akaitazama namba, akamtazama mgonjwa wake mwenye machozi mpaka kwenye shingo, akamtazama mwanamume.

"Umemfanya nini?"

"Amekasirika," Semisi alisema, naye machozi yanamtiririka, meno yote nje.

"Toka nje, apumzike."

"Haendi popote," Kalolaine alisema. Alivuta pumzi, akaisubiri itulie, akavuta nyingine. "Nitakujibu nikishamaliza kukukasirikia."

"Itachukua muda gani, mpenzi?"

"Sijui. Kaa hapo."

Semisi akavuta kiti, akakaa.